Uzi: Fomula za pepa za fedha zinakukimbia? Hivi ndivyo nilivyozikamata, nikiwa Mtwara na kazi ya korosho juu yake

GhalaLaKusini

Wakuu, salaam kutoka Mtwara. Mikorosho imechanua, minada bado, kwa hiyo kuna nafasi ya kukaa na daftari kabla kazi haijatumeza. Uzi huu ni wa wanaojiandaa na pepa za fedha: wa NBAA (bodi yetu ya wahasibu) awamu ya Novemba, wa ACCA (uhasibu wa kimataifa), na wale wachache wa CFA (uchambuzi wa uwekezaji). Hoja yangu ni moja tu. Fomula haikai kichwani kwa kuisoma, inakaa kwa kuitoa.

Mimi ni mhasibu, nafanya kazi za maghala. Mara ya kwanza kukaa pepa ya usimamizi wa fedha nilikuwa nimesoma kwelikweli. Nilikuwa na daftari la fomula peke yake, kurasa kumi na nane, nimepigia mistari kwa wino wa njano. Nalisoma asubuhi kwenye daladala ya Mikindani, nalisoma tena usiku. Darasa la rivyu nililolipia nalo lilikwenda hivyo hivyo: mwalimu anaandika ubaoni, tunanakili, tunasonga mbele.

Likaja swali la gharama ya mtaji. Ukurasa niliuona. Wino wa njano niliuona, doa la chai pembeni niliona. Fomula yenyewe haikuja. Nikajua kodi inaingia mahali fulani, lakini kwenye deni, kwenye hisa au kwa pamoja? Nikabahatisha, na pepa ikarudi.

Ilinichukua wiki kadhaa kukubali kilichotokea. Macho yangu yalikuwa yanaifahamu ile fomula kama unavyomfahamu mtu unayepishana naye kila siku Chikongola sokoni. Ukiambiwa mchore uso wake, huwezi. Kila nilipofungua daftari nilikuwa namtazama tena yule mtu na kujiambia "namjua huyu". Mkono wangu haukuwahi hata siku moja kuandika fomula ile bila kuangalia.

Nilipoanza kutafuta sababu nikakutana na jaribio la Roediger na Karpicke la mwaka 2006. Walichukua wanafunzi, wengine wakasoma maandishi na kuyarudia, wengine wakasoma kisha wakajipima kwa kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma ndio walioongoza. Baada ya wiki moja mambo yakageuka, waliojipima wakawaacha mbali. Hapo ndipo mtego ulipo: kurudia kusoma kunakupa raha ya usiku ule ule, na mtihani hauji usiku ule ule.

Basi nilichofanya awamu ya pili ni hiki. Kila siku kabla ya kufungua kitabu chochote, nachukua karatasi tupu. Naandika fomula zote ninazozikumbuka za mada niliyosoma siku zilizopita. Nikikwama sifungui daftari, nakaa na ule ukwamo hata dakika mbili nzima, inauma. Ndipo nafungua, nasahihisha kwa kalamu nyekundu, na karatasi naitunza. Zile nyekundu ndizo zinazokuwa kazi ya kesho. Zile nilizopata siziangalii kabisa mpaka zamu yake ifike.

Nitaendelea chini na mifano.

Kitangari

Mkuu umenigusa. Mimi najiandaa na CFA daraja la kwanza, huko karatasi ya fomula hawakupi kabisa. Maswali 180, vipindi viwili vya dakika 135, yaani sekunde 90 kwa swali. Fomula ni nyingi mno. Unaanzia wapi?

GhalaLaKusini

Kitangari, anza kwa kuzigawa mafungu mawili. Kuna fomula zenye sababu inayoonekana, na kuna zile chache ambazo ni za kukariri kweli. Wengi wetu tunazitupa zote kapu moja na kuzikariri kama kasuku. Ebbinghaus, yule Mjerumani aliyejipima mwenyewe na kuandika matokeo yake mwaka 1885, alikuwa akikariri silabi zisizo na maana yoyote, na zaidi ya nusu zilimpotea ndani ya saa moja. Fomula usiyojua inasema nini ni silabi za Ebbinghaus. Ukijua inasema nini, hata ikipotea unajua pa kuitafuta.

Chukua ile ya bei ya hisa kutokana na gawio linalokua. P = D0 × (1 + g) ÷ (r − g). P ni bei, D0 gawio la mwaka huu, g ukuaji wake, r faida unayoitaka. Watu wanakosea mahali pale pale kila awamu: wanasahau kukuza gawio kwa mwaka mmoja. Mimi naifikiria hivi. Unanunua mkorosho kwa jirani mwezi wa Januari, yeye ameshaokota msimu huu. Utamlipa kwa ajili ya korosho alizokwisha kuuza? Hapana. Unalipia kuanzia msimu ujao. Kwa hiyo juu panakaa gawio la mwaka ujao, siyo la mwaka huu. Na chini kwa nini tunatoa g? Kwa sababu mti unaoongeza mavuno kila mwaka unakusaidia kulipa sehemu ya faida unayodai, kwa hiyo kigawanyo kinapungua na bei inapanda.

Tuseme mti utakupa shilingi 40,000 msimu ujao, na wewe unataka faida ya 20% kwa mwaka. Kama mavuno hayakui, bei ni 40,000 ÷ 0.20 = 200,000. Kama yanakua 4% kila mwaka, ni 40,000 ÷ 0.16 = 250,000. Hapo umeshapata fomula mbili kwa mti mmoja, ile ya malipo ya milele na ile ya Gordon, ya gawio linalokua, na huhitaji kadi mbili.

Ukirudi kwenye hisa: gawio la juzi 200, ukuaji 5%, faida inayotakiwa 13%. Ni 210 ÷ 0.08 = 2,625. Aliyesahau msimu ujao atapata 2,500, na watunga mtihani wa maswali ya kuchagua wanaijua hiyo 2,500, wataiweka hapo ikusubiri.

BintiLindi

Asante kaka. Mimi nipo Lindi mjini, nasomea NBAA, na kinachonitesa ni CAPM (faida anayodai mwenye hisa kulingana na hatari) na WACC (wastani wa gharama ya mtaji wote). Nazichanganya. Nisaidie kama ulivyofanya na mkorosho.

GhalaLaKusini

Dada, CAPM naiona baharini. Kuna mtu amekaa nchi kavu, ameikopesha serikali, anapata chake bila wasiwasi. Hiyo ni Rf. Ukitaka aingie chomboni lazima umwongeze malipo kwa ajili ya mawimbi. Nyongeza ya soko zima ni faida ya soko, Rm, kutoa Rf. Sasa vyombo havitikisiki sawa: meli kubwa ikiingia bandarini haitikisiki kama ngalawa. Beta ni mtikisiko wa chombo chako ukilinganisha na wa bahari. Kwa hiyo: malipo ya nchi kavu, jumlisha nyongeza ya mawimbi mara mtikisiko wa chombo chako.

Rf 11%, soko 17%, beta 1.5. Nyongeza ni 6%, siyo 17%. 11 + 1.5 × 6 = 20%. Ukizidisha beta kwa 17 utakuwa umemlipa mtu mara mbili kwa kukaa nchi kavu. Na usome swali vizuri: "faida ya soko" ni 17, "nyongeza ya hatari ya soko" ni 6. Maneno mawili tu yanatofautiana, na alama zote zinaondoka.

WACC ni wastani tu, kama unavyochanganya korosho za daraja la kwanza na la pili kwa uzito wake. Kilichonirudisha mimi ni kodi. Jibu lake ni hili: riba inatolewa kabla kodi haijapigwa, kwa hiyo serikali inabeba sehemu ya riba yako. Gawio linatolewa baada ya kodi, hakuna anayekusaidia. Basi (1 − kodi) inakaa kwenye deni peke yake. Hisa za milioni 60 kwa 20%, deni la milioni 40 kwa 15%, kodi ya makampuni 30%: 0.6 × 20 = 12, halafu 0.4 × 15 × 0.7 = 4.2. Jumla 16.2%.

Na angalia, ile 20% ya CAPM ndiyo imeingia kwenye WACC. Usiziweke kama majirani wanaofanana, ni mama na mtoto: CAPM inazaa gharama ya hisa, WACC inaichukua na kuichanganya na deni. Tangu nilipoziona hivyo sijazichanganya tena.

Mzee wa Leja

Vijana, hongereni kwa mjadala. Mimi nimestaafu, nimeshika leja kabla kompyuta hazijafika ofisini kwetu. Naona mnahangaika na kadi na karatasi. Ukielewa kitu hukikariri. Chukueni EOQ, kiasi cha kuagiza kwa mara moja chenye gharama ndogo kuliko vyote. Kila mwaka kuna gharama mbili zinazovutana: ukiagiza mara nyingi, gharama ya kuagiza inakuwa kubwa, ukiagiza kwa wingi mara chache, gharama ya kutunza inakuwa kubwa. Pahala pazuri ni pale zinapolingana. Basi, Co ikiwa gharama ya kuagiza mara moja, D mahitaji ya mwaka, Q kiasi cha agizo, na Ch gharama ya kutunza kimoja mwaka mzima:

Co × D ÷ Q = Ch × Q ÷ 2

Zidisheni kwa Q pande zote, Q iwe na kipeo cha pili, mtaona yenyewe inakuja: Q ni kipeuo cha pili cha 2 × Co × D ÷ Ch. Ile 2 inatoka wapi? Ghalani kuna Q siku mzigo unapoingia na sifuri siku unapokwisha, wastani wake ni nusu. Hakuna cha kukariri hapo.

GhalaLaKusini

Shikamoo mzee wangu. Hii nimeinakili kama ilivyo. Naomba niiwekee namba kwa ajili ya wenzangu. Chama kinahitaji mifuko 16,000 ya salfa kwa mwaka, kuagiza mara moja ni 50,000, kutunza mfuko mmoja mwaka mzima ni 400. 2 × 50,000 × 16,000 ÷ 400 = 4,000,000. Kipeuo chake ni 2,000. Sasa jipime kwa njia ya mzee: unaagiza mara 8, kwa 50,000 ni 400,000. Wastani ghalani ni 1,000, kwa 400 ni 400,000. Zimelingana, kwa hiyo hakuna haja ya kuangalia majibu nyuma ya kitabu.

Kuna ukaguzi mwingine wa haraka, wa vipimo. Juu kuna shilingi mara mifuko, chini kuna shilingi kwa mfuko. Shilingi zinafutana, inabaki mifuko mara mifuko. Kipeuo chake ni mifuko, ndicho tunachotafuta. Ukiigeuza kichwa chini utapata kitu kisicho na jina. Mimi kila fomula nikiiandika kwenye karatasi tupu, nauliza kwanza: jibu litatoka kwa shilingi, kwa asilimia, kwa siku au kwa mifuko? Makosa mengi yanakamatwa hapo kabla hujashika kalkuleta.

Lakini mzee, kwa heshima zote, kwenye kukariri naomba nitofautiane kidogo. Kuelewa ni akiba ya siku ya njaa. Kitangari ana sekunde 90. Hawezi kuizaa EOQ upya, kisha aizae ya hatifungani, kisha CAPM, saa mbili na robo mfululizo. Anahitaji kuelewa ili akipotea arudi njiani, na anahitaji mkono uliozoea ili asipotee.

Mzee wa Leja

Marahaba mwanangu. Hilo la sekunde 90 sikulijua. Sisi tuliandika insha na kukokotoa kwa saa tatu. Nimekuelewa, endelea.

Dau la Msimbati

Mimi nipo ACCA, pepa ya usimamizi wa fedha. Sisi tunapewa karatasi ya fomula na majedwali ya thamani ya sasa. Kwa nini nijisumbue?

GhalaLaKusini

Dau, karatasi hiyo inakupa herufi, haikupi ni lini. Humo kuna Gordon, CAPM, WACC, Fisher (ya riba na mfumuko), EOQ, Miller-Orr (ya kiasi cha fedha taslimu cha kuweka) na zile za fedha za kigeni. Uwiano wa kifedha haumo, mzunguko wa fedha taslimu haumo. Na hata zilizomo, kazi ni kujua nani anakaa juu na nani anakaa chini.

Chukua ile ya kukadiria bei ya fedha kwa mfumuko, kutoka S0 ya leo hadi S1 ya mwakani: S1 = S0 × (1 + hc) ÷ (1 + hb). hc ni nani, hb ni nani? Sisi tunaopakana na Msumbiji tuna mfano mlangoni. Tuseme metikali 1 ya kule ni shilingi 40, mfumuko hapa (hc) 4%, kule (hb) 8%. Metikali ndiyo inayoliwa zaidi na mfumuko, kwa hiyo mwakani lazima inunue shilingi chache. 40 × 1.04 ÷ 1.08 = 38.52. Ukigeuza utapata 41.54, yaani fedha yenye mfumuko mkubwa imepata nguvu, na akili itakataa. Herufi zinaweza kukudanganya, lakini swali la "nani anadhoofika?" halidanganyi.

Na kuhusu Fisher, (1 + i) = (1 + r)(1 + h), ambapo i ni riba inayotajwa, r faida halisi na h mfumuko, usitoe tu h kwenye i. Umemkopesha mtu milioni 1, amerudisha 1,170,000, bei zimepanda 4%. Faida halisi siyo 13%. Ni 1.17 ÷ 1.04 = 1.125, yaani 12.5%.

BintiLindi

Kaka tueleze hizo kadi sasa, maana umezitaja tu.

GhalaLaKusini

Haya. Nilikata maboksi ya biskuti vipande vya ukubwa wa kiganja. Kosa nililoanza nalo: mbele naandika "EOQ", nyuma fomula. Nikawa nazipata zote, nikafurahi, halafu kwenye mitihani iliyopita nazikosa. Sababu ni kwamba mtihani haukuulizi kwa jina. Haukwambii "toa Fisher". Unakwambia fulani amewekeza, bei zimepanda, ameneemeka kiasi gani?

Kwa hiyo mbele ya kadi weka hali, siyo jina. "Kiwanda cha kubangua: korosho hukaa stoo siku 45, wanunuzi hulipa baada ya siku 30, wao humlipa msambazaji baada ya siku 14. Fedha imefungwa siku ngapi?" Nyuma: 45 + 30 − 14 = 61, na neno moja la sababu, "siku 14 ni za kukopeshwa, zinanipunguzia".

Kadi nyingine ninayoipenda, ya riba ya mwaka pale faida inapozaa faida. Mbele: "Mtu wa kangomba (mnunuzi wa korosho asiye rasmi) anamlipa mkulima shilingi 1,000 kwa kilo mwezi wa Julai, miezi mitatu baadaye anauza 2,000. Kwa mwaka ni riba gani?" Wengi watajibu 400%, kwa sababu 100% mara nne. Lakini fomula ni (1 + r) kwa kipeo cha n, toa 1, ambapo r ni faida ya kipindi kimoja na n ni idadi ya vipindi kwa mwaka. Mbili kwa kipeo cha nne ni 16, toa 1 ni 15, yaani 1,500%. Nilipoikokotoa mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu. Nawafahamu watu waliouza hivyo, wakiwa na mtoto wa kupeleka shule na hakuna pengine pa kukopa. Fomula hii siwezi kuisahau tena.

Kadi zinakaa kwenye boksi la viatu lenye vyumba vinne, mtindo wa Leitner. Chumba cha kwanza kila siku, cha pili kila baada ya siku tatu, cha tatu kila wiki, cha nne kila wiki mbili. Ukipata, kadi inasogea mbele. Ukikosa inarudi cha kwanza hata kama ilikuwa ya nne. Anayependa simu kuna programu ya Anki inafanya hesabu hiyo yenyewe, lakini umeme na chaji vikinisumbua boksi langu halizimi.

Jambo la mwisho kwenye kadi: zichanganye. Usifanye za hatifungani zote, kisha za hisa zote. Rohrer na Taylor walionyesha mwaka 2007 kwamba wanafunzi waliochanganya aina za maswali walikosea zaidi wakati wa mazoezi, lakini siku ya mtihani wakafaulu zaidi. Ukiona unakosea zaidi tangu uanze kuchanganya, usirudi nyuma.

Dau la Msimbati

Mimi hutumia matembezi. Naanzia bomani Mikindani, nateremka hadi nyumba ya Livingstone, halafu ufukweni. Kila pahala naweka kitu. Unasemaje?

GhalaLaKusini

Kwa vitu vyenye mpangilio ni nzuri sana. Hatua za kukokotoa WACC niliziweka hivyo hivyo: bomani napata gharama ya hisa, kwa Livingstone napata gharama ya deni na kuiondolea kodi, ufukweni napima uzito wa kila moja kwa thamani ya soko, kwenye mbuyu nachanganya. Ila kwa kujua kipi kimegawanywa kwa kipi, matembezi hayakunisaidia. Hapo nilirudi kwenye mkorosho na ngalawa.

Kitangari

Swali langu la mwisho mkuu. Oktoba minada inaanza, sisi wa vyama vya msingi tunatoka kazini usiku. Novemba pepa. Inawezekanaje?

GhalaLaKusini

Hili ndilo gumu kuliko yote, na sitakudanganya kwamba nililimudu vizuri. Nilichofanya ni kumaliza fomula zote mpya kabla ya mwisho wa Septemba. Oktoba sikuongeza hata moja. Kila asubuhi naweka kadi tano tu mfuko wa shati, zile za chumba cha kwanza. Gari la korosho likiwa kwenye foleni ya mizani, natoa moja. Usiku karatasi tupu dakika kumi, hata kama macho yanafumba, halafu nalala. Usingizi usiuibe, niliwahi kukesha usiku wa kuamkia pepa na nikashindwa kutofautisha siku na mwezi kwenye riba.

Jumapili nilikuwa nafanya swali moja refu la mitihani iliyopita kwa saa yake, na kalkuleta ile ile nitakayoingia nayo. Kitangari, ninyi mnaruhusiwa BA II Plus na HP 12C tu, kwa hiyo vidole vyako vizoee moja. Kama ni BA II Plus, kila ukiishika angalia kama iko END (malipo mwisho wa kipindi) au BGN (malipo mwanzoni), na idadi ya malipo kwa mwaka imewekwa ngapi, na ufute namba za swali lililopita. Fomula inaweza kuwa sahihi kichwani na kalkuleta ikakuangusha.

Na siku ya pepa yenyewe, mtihani ukishaanza rasmi, kama kuna karatasi ya kazi, dakika mbili za kwanza mwaga juu yake zile tatu nne unazoziogopa. Kabla ya kuruhusiwa kuanza usiguse kalamu.

BintiLindi

Nimejaribu jana usiku. Karatasi tupu, mada zote tulizotaja humu na nyingine za kwangu. Nilijua ninazo 24. Nimetoa 13. Nimeumia kaka, nilidhani nipo vizuri. Nyekundu zangu kubwa ni Miller-Orr (nilisahau ile 3 ya mbele), beta ya mali (beta ya biashara yenyewe, bila athari ya deni), na kwenye hatifungani nilitumia riba ya mwaka wakati malipo ni kila miezi sita.

GhalaLaKusini

Dada, 13 kati ya 24 usiku wa kwanza ni zaidi ya nilizotoa mimi, nilitoa 9.

Miller-Orr ni ya lile fungu la kukariri, usitafute hadithi ndefu. Upana, kati ya kikomo cha juu na cha chini cha fedha taslimu = 3 × kipeuo cha tatu cha (¾ × gharama ya muamala × varianzi, yaani mtawanyiko wa fedha ya kila siku ÷ riba ya siku). Shikilia hivi: tatu mbele, tatu kwenye kipeuo, tatu juu ya nne ndani. Zote zina tatu. Kiwango cha kurudi ni kutoka chini, panda theluthi moja ya upana, tena tatu. Wakikupa stendadi devieshoni, ipige kipeo cha pili kwanza, na riba iwe ya siku, siyo ya mwaka.

Beta ya mali iandike kwa mkono wako mara moja ukiwa na WACC pembeni: uzito ni ule ule wa hisa na deni, na (1 − kodi) imekaa tena kwenye deni, kwa sababu ile ile ya riba.

Hatifungani ya miezi sita: gawa riba ya soko kwa mbili, zidisha miaka kwa mbili, kuponi (malipo ya riba ya hatifungani) nusu. Vitu vitatu vinaguswa, siyo kimoja. Tengeneza kadi inayouliza hivyo tu, "vitatu ni vipi?"

Leo usirudie zote 24. Fanya hizo 11 nyekundu, kesho kutwa uchanganye na mbili za zile ulizopata, kisha uje hapa utuambie.

BintiLindi

Nimerudi. Ni siku ya tatu leo. Kati ya zile 11 nimetoa 8. Miller-Orr imekuja yote, nimeiandika nikiwa nasubiri kivuko cha Kitunda, nyuma ya karatasi ya maandazi. Beta ya mali bado.

GhalaLaKusini

Safi sana. Hiyo beta irudishe chumba cha kwanza, na Miller-Orr usiiguse mpaka Jumamosi.